Nakala ya Chumba cha Nyuma

Kuna watu wakiamka husali, kuna wanaokimbilia jiko, kuna wanaopapasa simu kabla macho hayajafunguka vizuri. Shemeji yangu akiamka huenda chumba cha nyuma kuiuliza kompyuta kama kuna jipya. Hajanawa uso, hajasalimia mtu. Nikifika asubuhi kufungua chumba cha mbele ninamoshonea, nakuta mlango wa nyuma uko wazi, yeye ameketi na fulana ya kulalia, miguu mitupu juu ya sakafu ya saruji, anasoma. Namsalimia. Ananiitikia baada ya muda, na mara nyingine huitikia salamu ambayo nimeshaisahau.

Niseme mapema nisije nikasemwa: mimi silali katika nyumba ile. Nalala kwangu, mtaa wa pili. Nyumba ni ya marehemu dada yangu na mumewe, na chumba cha mbele alinipa dada, maana kina dirisha linalotazama barabara na mteja huiona kazi yangu kabla hajaniona mimi, jambo ambalo dada alidai lina heri. Alipofariki, shemeji hakuniambia nihame, na mimi sikuwa na pa kuipeleka mashine ya kudarizi, ambayo ni nzito kuliko kabati. Basi tumebaki hivyo, wafiwa wawili, kila mtu na mashine yake, yeye nyuma mimi mbele, na katikati sebule ambayo hakuna anayeikalia.

Mtaani wanamwita Mzee Nakala. Jina hilo alipewa na wanafunzi wa chuo cha ufundi alikofanya kazi mpaka akastaafu. Hakuwa mwalimu. Alikuwa fundi wa kompyuta, ofisi yake ilikuwa kijichumba chini ya ngazi, na kazi aliyojipa mwenyewe, bila kutumwa na mtu, ilikuwa kutunza nakala.

Nakala ya nini? Wateja wameniuliza sana hadi nikajitungia jibu la fundi cherehani. Kila kompyuta, ili iamke na ijue ina mikono na macho, ina programu kubwa inayokaa chini ya programu zote. Wenyewe huiita mfumo endeshi. Iko mifumo ya kununua, imefungwa, huruhusiwi kuchungulia ndani. Na uko huu wa shemeji, ambao msimbo wake, yaani maandishi yote yaliyoutengeneza, umeachwa wazi kwa yeyote. Chukulia paterni ya gauni inayotumiwa na mafundi wa dunia nzima. Kila siku yuko mmoja aliyegundua kwamba bega linavuta, akasahihisha, na sahihisho lake likawekwa kwenye paterni ile pamoja na jina lake na maelezo ya kwa nini. Ukikaa bila kuyachukua masahihisho, paterni yako inachakaa ukiitazama. Shemeji alikuwa akiyachukua kila asubuhi, mtandao wa chuo ukiwa wa kusuasua, anayaweka kwenye kompyuta yake, ili mwanafunzi au duka la mjini likiuhitaji msimbo ule lije kuuchukua chini ya ngazi badala ya kuuvuta kutoka ng'ambo tone kwa tone.

Baadaye chuo kikapata mtandao wa maana na hakuna aliyehitaji tena kushuka ngazi. Alipostaafu waliitupa kompyuta yake stoo, akaomba apewe, akaileta nyumbani kwa mkokoteni, imefungwa blanketi la dada. Dada alisimama mlangoni akamwambia kwamba wenzake wakistaafu hurudi na saa ya ukutani, yeye amemletea mke mwenza. Shemeji aliingiza mke mwenza chumba cha nyuma, akamchomeka kwenye umeme, na asubuhi iliyofuata akaendelea kuchukua masahihisho kama kawaida. Mimi nilidhani ni mazoea tu, na mazoea yana taabu.

Walikuwa na mtoto mmoja, wa kike. Sote tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajatambaa na tangu hapo hakunyamaza. Maneno ya baba yake ungeyatia kwenye kiberiti na njiti zikabaki na nafasi yao. Lakini walipatana hao wawili kwa namna iliyokuwa ikimkera dada. Chiriku akitoka shule alikwenda kukaa chini ya ngazi, yeye anasema, baba anasikiliza, na jioni walirudi pamoja, yeye bado anasema.

Niliponunua mashine ya kudarizi, niliinunua mkononi mwa mtu, na ilikuja na kadi ya kuiunganisha na kompyuta. Kumbe kampuni iliyotengeneza kadi ile ilikuwa imeshafunga, na mfumo wa shemeji haukuijua kadi hata kwa sura. Nikalia. Nilikuwa nimeziacha kazi nyingine zote kwa ajili ya mashine hiyo. Chiriku alikuwa likizo. Yeye na baba yake wakaihamishia kompyuta chumba cha mbele, wakavuta nyaya, na kwa likizo nzima nilishona nikiwa nimeinama chini ya mazungumzo yao. Baba alipima waya, binti aliandika. Mwisho ikapatikana programu ndogo ya kuiongoza ile kadi. Kitu cha kwanza kilichodariziwa kilikuwa ua lililopinda, nusu yake nje ya kitambaa, na Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Ua hilo ninalo. Juu kabisa ya programu, mahali ambapo kompyuta huruka bila kusoma, aliandika mstari kwa Kiswahili: "Kwa mama mdogo, aache kulalamika."

Akaituma kwa wale wanaoutunza mfumo duniani. Wakaikagua, wakamrudishia mara mbili arekebishe, halafu wakaipokea pamoja na mstari wake wa utani, ambao nadhani hakuna aliyeuelewa. Siku hiyo shemeji alifanya kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya kabla wala baada. Alizunguka mtaa. Alimwambia kinyozi, akamwambia mwenye duka la vifaa vya shule, akamwambia hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji, kwamba mwanawe yumo ndani ya mfumo.

Kwa kazi hiyo na nyingine zilizofuata, Chiriku alipata masomo ng'ambo, na baada ya masomo akapata ajira huko huko. Katika ule mfumo naye akapanda cheo akawa mtunzaji, mmoja wa wanaopokea kazi za wengine na kuamua ziingie au zisiingie. Alipewa fungu la kadi za zamani, makabrasha yasiyopendwa na mtu. Alipiga simu kila alipopata nafasi na kusema mpaka salio lake lilipokatika.

Halafu dada akaugua. Sitaki kuueleza ugonjwa wenyewe. Nitasema tu kwamba mwanzoni tulidhani ni uchovu, na tulipojua si uchovu haikubaki njia ndefu. Shemeji akaamua kwamba Chiriku asiambiwe. Mtoto alikuwa ndio kwanza ameanza kazi, vibali vyake havijakaa sawa, akitoka asingeruhusiwa kuingia tena. Acha atulie, alisema, mama akipata nafuu ataambiwa. Chiriku akipiga simu aliambiwa mama amelala, mama yuko bafuni, mama katoka kidogo. Siku dada alipokuwa na nguvu alipewa simu, akaikaza sauti, akasema yu mzima. Niliposema mimi kwamba aambiwe, niliambiwa huyu ni mwana wa watu wawili na wewe si mmoja wao. Niliposema tena, shemeji alitoka nje. Ni vigumu kugombana na mtu anayetoka nje.

Tukamzika dada. Chiriku aliambiwa baadaye, kwa simu, mezani, sebuleni, sauti ikiwa imefunguliwa ili nami nisikie. Nilitegemea kilio. Hakulia. Aliuliza lini, akajibiwa. Aliuliza aliugua tangu lini, akajibiwa na hilo. Kukawa kimya kirefu, kitu ambacho hatukukizoea kutoka kwake.

"Baba, ungeniambia," akasema.

"Ungefanya nini? Wewe si daktari."

Shemeji hakulisema kwa ukali. Namjua, lile lilikuwa jibu la fundi: kitu kimeharibika, anayeweza kukitengeneza ni fulani, wewe si fulani. Lakini neno likishatoka halina mwenyewe. Simu ikakatika, na tangu siku hiyo Chiriku hakumpigia tena baba yake. Mimi alinipigia mara moja. Aliniuliza kama mama yake alimtaja. Nikamwambia alimtaja kila siku. Akanishukuru kwa adabu, kama ninavyoshukuriwa na wateja, na nilipoijaribu namba ile baadaye haikuwa ikipatikana.

Nyumba ikanyamaza. Mimi nilikuwa nakasirika na sina pa kuziweka hasira zangu, nikazitia kwenye kazi, nikadarizi beji za shule hata ambazo hazijaagizwa. Shemeji aliendelea na nakala yake. Nilimchukia kwa hilo, nikuambie kweli. Mke kaburini, mtoto kapotea, yeye kila asubuhi anahangaika na masahihisho ya watu asiowajua.

Kisha zikaja siku ambazo alikuwa hali. Nampelekea chai inapoa, nampelekea chakula anakifunika. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Hiyo ilikwenda mpaka asubuhi moja alipokuja mwenyewe chumba cha mbele, fulana ileile, akasimama karibu na mashine.

"Mtoto mzima," akasema, akauliza kama kimebaki chochote cha kula.

Nilidhani amepigiwa simu. Nikakimbilia nyuma. Akanionyesha kwenye kioo cha kompyuta orodha ya masahihisho yaliyoingia asubuhi ile, na katikati yake mstari mmoja wenye jina la binti yake, jina kamili, la cheti. Jana yake alikuwa amerekebisha kitu fulani kwenye kadi fulani. Ndipo hapo nikaelewa kwamba mtu huyu hakuwa akitunza mfumo. Kila asubuhi alikuwa akimtafuta mwanawe katika orodha ile, akimwona anapata hamu ya kula, asipomwona anakaa na njaa mpaka kesho.

Alikuwa amefika mbali. Kwa saa zilizoandikwa kando ya jina alijua Chiriku analala vibaya. Kwa urefu wa maelezo yake alijua kama ana raha, maana hata huko alikuwa Chiriku, wengine wakieleza kazi yao kwa sentensi moja yeye alimwaga aya nzima na mzaha ndani. Akiandika kwa ufupi, shemeji aliniambia mtoto ana homa, au kuna mtu kamuudhi. Sikujua nicheke au nilie. Nikamwuliza kama anaona vema kumchungulia mwanawe kama jirani mbea, na anwani ya barua pepe ile pale, imebandikwa kando ya jina, mwandikie.

Akasema mtoto ndiye humtafuta mzazi.

Nikamwambia, "Shemeji, kimya kingi kina mshindo mkuu." Akasema ana kazi. Nikarudi kwenye mashine yangu.

Basi tukaishi na neno lile. Nikiingia asubuhi nasikia kutoka nyuma, "Mtoto mzima," na siku yangu inaanza. Asiposema, sisemi. Nilifika mahali nami nikawa nategemea, nakuwa na ufunguo mlangoni na masikio yameshatangulia ndani.

Siku aliyoniita ilikuwa ya mawingu, na nasema aliniita kwa sababu shemeji haiti mtu. Nikamkuta ameivua miwani na kuishika mkononi. Ulikuwa umekuja ujumbe, si sahihisho, ujumbe wa wazi ambao watunzaji huuweka ili usomwe na kila mwenye nakala. Wana desturi hiyo: kabla ya kuondoa kitu cha zamani lazima waulize kama kuna anayekitumia. Ujumbe ulikuwa wa Chiriku. Shemeji akanitafsiria taratibu, akirudia maneno mengine.

Alisema kuna programu ya kuongoza kadi fulani, na akaitaja. Alisema aliiandika akiwa msichana, na kampuni iliyotengeneza kadi hiyo ilikufa zamani. Kila wakibadilisha kitu inabidi waiguse na hii, na wenzake wanamuuliza kwa nini bado ipo. Kisha shemeji akasoma mwisho wake kwa sauti ambayo haikuwa yake: "Kama kuna mtu popote ambaye bado anaitumia, hata mmoja, aniandikie neno moja tu. Nitaiacha, na nitaitunza mwenyewe. Nisiposikia kitu, nitaiondoa."

"Shemeji," nikasema, "huyo anakuita."

"Anauliza watumiaji."

"Mtumiaji ni nani? Mashine iko pale mbele, kadi iko tumboni mwa hiyo kompyuta yako, waya umepita sebuleni. Dunia nzima nani mwingine anayo? Na yeye anajua."

Akavaa miwani, akautazama ujumbe upya. Niliona limemwingia. Halafu nikaona fundi amerudi.

"Hata wakiifuta kwao," akasema, "kwangu haifutiki. Nakala ninayo."

Nilitamani kumpiga na futi yangu ya mbao. Nikamwambia hapa hakuna anayezungumzia mashine. Akakubali, kwa kichwa, kwamba atajibu. Nikamwomba basi anipe mimi ile anwani niandike kwa simu yangu, akasema nitatia pilipili. Hapo hakukosea sana.

Akaanza kuandika. Nikipita kwenda bafuni namwona. Asubuhi ya kwanza kwenye kioo kulikuwa na neno moja: "Ipo." Ndilo lililotakiwa, na lingetosha. Niliporudi alikuwa amelifuta. Baadaye akaandika kwamba kadi inafanya kazi vizuri na mashine inadarizi beji, akaeleza na aina ya nyaya. Akafuta. Siku nyingine nikaona neno mama yako. Hilo nalo likafutwa. Mtu ambaye maneno yake ni haba alitaka ghafla kuyatumia yote mara moja, kwa mpango, bila kosa, kama unavyoandikwa msimbo.

Na katika kuisoma ile programu ya binti yake ili aizungumzie, akagundua kasoro. Ndogo tu. Mashine ikibadilisha rangi ya uzi ilikuwa ikisita kidogo, nami nilidhani ni uzee wake. Kumbe lilikuwa kosa la Chiriku la utotoni. Shemeji akafurahi kwa namna iliyonitisha. Akaniambia ameshapata. Atarekebisha kasoro, atampelekea jibu pamoja na sahihisho, maana mzazi haendi kwa mtoto mikono mitupu. Nikamwambia ampelekee neno kwanza, sahihisho lifuate. Akasema huwezi kumtumia mtunzaji kazi ambayo hujaijaribu.

Basi akajaribu. Alibadilisha mstari kwenye nakala yake, akaja mbele, akaniomba nidarizi beji. Uzi ukakwama. Akarudi nyuma, akarekebisha, akaja tena. Kikapu changu kikajaa beji zenye tai asiye na bawa. Kila jioni nilimuuliza kama ameandika, na kila jioni alisema anaandika. Nilikuwa na sare za shule mbili mkononi, wakuu wa shule wananipigia, nikamwachia. Nilijiambia kwamba baada ya kimya chote kile, siku chache haziui mtu. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, nami kovu la yule mtoto sikuwa naliona kutoka pale nilipoketi.

Hatimaye mashine ikabadilisha rangi bila kusita, nyekundu, manjano, kijani, tai akatoka mzima na mabawa yake. Shemeji akaipapasa beji kwa kidole gumba. Akasema kesho asubuhi, baada ya kuchukua masahihisho, atatuma.

Asubuhi nilipofungua mlango sikusikia kitu. Nikaenda nyuma. Alikuwa amesimama, naye huwa hasimami mbele ya ile kompyuta. Kazi ya kuchukua masahihisho ilikuwa imekwama katikati, na kompyuta imemwandikia swali. Akanieleza bila kunitazama. Kuna programu moja ambayo huko kwa wenyewe imefutwa, na hapa kwake imebadilishwa. Kompyuta haijui ifuate lipi. Inamtaka aamue.

Maswali ya namna hiyo huyamaliza kabla ya chai. Huo ndio ufundi wa mtu mwenye nakala ya nyumbani aliyetia mkono wake ndani: cha watu kikigongana na chake, anakaa anapatanisha mstari kwa mstari. Siku ile alisimama tu. Nikamwomba asome maelezo ya aliyefuta. Akasoma.

"Niliuliza. Nimesubiri kuliko tulivyokubaliana na wenzangu. Hakuna aliyejibu. Kazi hii nilijifunzia kwetu, kwa kadi hii, kwa hiyo naiondoa kwa mkono wangu, isije ikaondolewa na mtu asiyeijua."

Hakukuwa na mzaha. Shemeji akakaa. Akavuta kibodi, akaandika haraka, yeye ambaye huandika kwa vidole viwili: "Ipo. Ninaitumia. Baba." Akatuma mbele ya macho yangu. Lilikuwa jambo jepesi kabisa, halikuchukua hata muda wa kutunga uzi kwenye sindano, na nililia kwa wepesi wake.

Siku hiyo sikushona. Tulikaa sebuleni, mimi na yeye, kwenye viti ambavyo hakuna anayevikalia, mlango wa nyuma ukiwa wazi ili tusikie. Barua haikurudi na jibu halikuja. Kesho yake akachukua masahihisho, akasoma majina, la binti yake halikuwamo. Halikuwamo kesho kutwa wala siku zilizofuata. Alianza kusoma orodha mara mbili, ya pili kutoka chini kwenda juu.

Jibu lilipokuja lilitoka kwa mtu mwingine, mtunzaji mpya wa lile fungu la kadi za zamani. Alikuwa mtu wa adabu. Alisema ameikuta barua katika sanduku la kazi la aliyemtangulia, na anasikitika kwa kuchelewa. Aliyemtangulia ameacha. Kuifuta programu ile ndiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho katika mfumo, akaaga siku hiyohiyo, hakusema anakwenda wapi na wao hawana anwani yake nyingine. Shemeji akamwandikia tena, safari hii bila kufuta neno. Akamtumia lile sahihisho, akamweleza kwamba kadi ipo na mashine ipo, akaomba programu irudishwe mahali pake. Nilijua anachotaka. Alitaka jina lake yeye, la baba, liingie kwenye orodha ile, ili Chiriku popote alipo, kama bado ana nakala na bado anaisoma asubuhi, alikute.

Yule mtu akajibu upesi. Alimshukuru kwa sahihisho, akasema limeandikwa vizuri. Lakini kwa bahati mbaya hawawezi kuirudisha programu kwa ajili ya mtumiaji mmoja. Mtumiaji mmoja hatoshi. Akamshauri aitunze kwenye nakala yake mwenyewe.

Shemeji alinisomea, akaikunja miwani. Hata mmoja, Chiriku alikuwa amesema. Haikuwa sheria ya watunzaji, ilikuwa ahadi yake yeye peke yake, kwa mtu mmoja, na aliyeahidiwa alikuwa chumba cha nyuma akitafuta uzi unakokwama.

Sasa hivi ndivyo tulivyo. Kila asubuhi anachukua masahihisho. Kila wenyewe wanapobadilisha kitu cha karibu, ile programu inakataa kukaa, naye anairudisha kwa mkono, mstari kwa mstari, pamoja na ule wa juu unaoniambia niache kulalamika. Mashine inadarizi vizuri kuliko zamani. Wateja wanasifu jinsi rangi zinavyopokezana, nami nawaambia ni kazi ya shemeji na mwanawe, nao wanadhani hao wawili wanafanya kazi pamoja.

Leo nimefungua mlango mapema. Yuko na fulana yake, anasoma majina, midomo inacheza bila sauti, amefika katikati ya orodha. Nimemwekea chai karibu na kibodi. Amesoma mpaka chini, akaanza upya kutoka chini kwenda juu, akamaliza. Hakusema mtoto mzima, na mimi sikuuliza.